Sauti za Wanaume Nyumbani kwa Mama Sue

Ndabibi,
12 Februari 2023

Kwako Thuo, mdogo wangu,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, wewe na Wachuka na huyo mgeni aliye tumboni. Huku tuko, ila jua limekausha nyasi mpaka ng'ombe wananiangalia kama mimi ndiye niliyekataza mvua. Binti yangu Sue alipiga kutoka Doha kupitia simu ya Chemutai, jirani yangu wa shamba la juu. Anasema kazi ya uuguzi ni nyingi lakini hajambo. Anakusalimia.

Utashangaa kwa nini naandika kama watu wa zamani. Simu yangu iliharibika, nikampa shemeji Kiarie aipeleke Naivasha itengenezwe. Mpaka leo ananiambia fundi hajamaliza. Hata nikipata nyingine, hapa nyumbani netiweki haifiki, ni mpaka nipande kwa Chemutai, na siku hizi sipendi kuiacha nyumba. Kwa hivyo barua nampa dereva wa gari la maziwa.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka zile spika za marehemu Baba Sue, za wakati alipokuwa na ukumbi wa video pale sokoni? Bado ziko zote: mbili ndefu, tatu ndogo, na lile sanduku la besi. Kilichokufa ni risiva, kile chombo cha kuziendesha. Radi ilikiunguza mwaka jana. Nataka kingine cha bei ya chini, maana cha dukani sikiwezi. Wewe ni fundi wa vitu hivi. Niambie niangalie nini nisije nikanunua takataka.

Nataka sauti ifike mpaka kwenye geti.

Dada yako,
Wariara


Free Area, Nakuru,
1 Machi 2023

Dada Wariara,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona mwandiko wako haujabadilika, bado umelala upande kama mahindi baada ya upepo. Sisi hatujambo. Wachuka ameambiwa apumzike kitandani mpaka ajifungue kwa sababu ya presha, kwa hivyo napika, nafua, na kazi ya duka nasaidiana na mwenzangu Kimaiyo.

Kuhusu risiva. Kwanza usidanganywe na nambari ya wati iliyoandikwa kubwa kwenye katoni. Wanapima spika moja ikilia peke yake kwa sekunde chache, halafu wanakuuzia kama zote zitalia hivyo. Geuza spika zako, usome nyuma. Kuna nambari ya omu, ile alama inayofanana na kiatu cha farasi. Ikiwa nane, karibu kila risiva itaziweza. Ikiwa sita, tutachagua. Ikiwa nne, risiva ya bei rahisi itapata moto na kujizima, au iungue kabisa. Angalia pia kama sanduku la besi lina waya wake wa stima. Kama halina, liache, risiva za nyumbani haziliendeshi.

Nitakutafutia ya mitumba iliyo nzima. Ya zamani yenye uzito ni afadhali kuliko mpya iliyo nyepesi kama birika.

Lakini dada, geti lako liko mbali na nyumba. Unataka nani asikie?

Jambo lingine. Juzi nilikutana na Kiarie hapa mjini. Alinisalimia vizuri sana, akaniuliza kama chumba chako kiko tayari, kwa sababu unahamia Nakuru. Mbona hujaniambia?

Ndugu yako,
Thuo


Ndabibi,
15 Machi 2023

Mdogo wangu Thuo,

Mwambie Wachuka alale upande wa kushoto na asibishane na daktari. Mvua bado. Mzee Kipruto aliyekuwa akinisaidia na ng'ombe ameacha kazi. Hakuniaga. Nilienda kwake, mke wake akaniambia amelala, na mimi nilikuwa naiona miguu yake nyuma ya mlango.

Nimesoma nyuma ya spika kama ulivyosema. Zile ndefu ni nane, ndogo ni sita. Besi ni nne na haina waya, nimeifunika kitambaa, sasa ni meza.

Nina swali. Hicho chombo kinaweza kutoa sauti vyumba viwili kwa wakati mmoja? Mfano jikoni na sebuleni, na huku na huku isiwe sauti ileile?

Kuhama sihami. Sijui Kiarie ameyatoa wapi.

Mbwa wangu Simba alikufa. Aliamka asubuhi akashindwa kusimama, povu mdomoni, na kabla ya saa nne alikuwa amekwisha. Nimemzika nyuma ya zizi. Nitatafuta mbwa mwingine mvua ikinyesha.

Ni mimi,
Wariara


Nakuru,
11 Aprili 2023

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Wachuka alilazwa kwa muda na nilikuwa nakimbia kati ya wodi na duka. Sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani lakini hata ngazi haruhusiwi kupanda.

Nakutumia risiva. Aliyekuwa nayo ni mwalimu wa Milimani aliyekuwa anahama. Mimi na Kimaiyo tuliijaribu mchana mzima na spika za omu sita, ikapata joto la kawaida tu. Usiiwekee kitambaa juu, na usiisukume mpaka ukutani, inahitaji kupumua. Kwa sasa funga zile ndefu mbili tu. Ya kushoto iweke jikoni na ya kulia sebuleni, waya nimekukatia mrefu. Wimbo wowote uliorekodiwa vizuri, upande mmoja hutoa vitu ambavyo upande wa pili hautoi. Uzi mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Haina mahali pa kuchomeka flashi, kwa hivyo nimeweka na deki ya DVD inayosoma flashi. Kuna simu ndogo pia, ndani ya sifongo. Iwe yako peke yako.

Nimekujibu kama fundi. Sasa nijibu kama dada. Mbwa haamki na povu mdomoni bila sababu. Kipruto amekunywa chai kwako tangu harusi yako, hawezi kukukimbia bila sababu. Ni nani huyo unayetaka asikie?

Nakungoja,
Thuo


Ndabibi,
24 Aprili 2023

Thuo,

Mzigo ulifika mzima. Mvua nayo imefika, nimepanda. Chemutai alinisaidia kufunga nyaya, tukaweka kwaya ya kanisa. Wanawake walikuwa wanaimbia jikoni na wanaume wanajibu sebuleni. Chemutai alicheka, mimi nikalia, nikasingizia vitunguu.

Basi nitakuambia. Kiarie anataka nihame ili auze shamba. Anasema ni la ndugu yake, mimi nilikuja kuolewa tu, na mtoto wangu ni msichana tena yuko ng'ambo. Nilikataa kutia sahihi, mara ya kwanza na ya pili. Hakunipigia kelele. Alimaliza chai yake, akasema, "Sawa, Mama Sue. Lakini mwanamke peke yake huku, watu wanaona."

Tangu siku hiyo, nikiamka nakuta geti limefunguliwa na limeegemezwa jiwe. Nikienda sokoni narudi nakuta vigingi vya rangi nyekundu vimepigwa katikati ya shamba. Navingoa, vinarudi. Nilienda kwa mzee wa kijiji, akaniambia mambo ya familia tuyamalize kifamilia. Jioni kuna wanaume wanaosimama nje ya ua wakiongea chini chini. Nikitoka wananisalimia kwa adabu na kuondoka. Wanajua kwamba nikifunga mlango niko peke yangu. Hiyo ndiyo silaha yao yote.

Sikuambii haya uje. Mahali pako ni hapo na mke wako. Na mimi siwezi kuja kwenu, maana nikitoka wiki moja sitakuta paa. Ninachotaka ni sauti. Nirekodie wanaume wakiongea, si redio, kila mtu anajua redio. Watu wanaokaa kwenye nyumba. Wakohoe, waulizane chumvi iko wapi.

Wariara


Nakuru,
13 Mei 2023

Dada yangu,

Kwanza habari njema: Wachuka amejifungua msichana, kwa upasuaji. Wote wawili wazima. Mtoto ana paji la uso la mama yetu na hasira zake pia. Umesikia vizuri, ni msichana, na shamba lake nitampa.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye korido ya hospitali. Sikumwambia Wachuka. Mpaka sasa sijamwambia, na daktari amenikataza kumpa habari yoyote ya kumshtua.

Flashi hii hapa. Nilikaa na Kimaiyo na rafiki yake nyuma ya duka, maikrofoni mbili, tukaongea jioni mbili nzima. Mimi niko jikoni, wao wako sebuleni. Tumebishana mpira, tumekosana juu ya gari bovu, Kimaiyo amesinzia na kukoroma kikweli. Kuna mahali kimya kirefu, usifikiri imeharibika, watu hunyamaza. Usiweke volyumu ya juu. Watu wa kweli hawasikiki mpaka getini, husikika nusunusu. Iweke mahali ambapo mtu aliye nje ya ua anajua ni wanaume lakini hashiki maneno yote. Na usianze kila siku mahali pamoja.

Dada, hii ni ya kununua muda tu. Nimeongea na wakili wa ardhi hapa mjini, anataka nakala ya cheti cha ndoa yako na cheti cha kifo cha Baba Sue. Nitumie upesi.

Thuo


Ndabibi,
2 Juni 2023

Mdogo wangu,

Hongereni sana. Nimemshonea mtoto kofia, iko ndani ya bahasha pamoja na vyeti.

Sauti zenu zimefanya kazi. Nilifungulia jioni ya kwanza nikiwa napika, na wale wa nje waliondoka kabla ugali haujaiva. Geti sasa nalikuta lilivyofungwa. Sokoni watu wananiuliza ni wageni gani hao, nawaambia ni ndugu zangu wamekuja kupumzika. Wanawake wengine wamenigeuzia uso, wanasema mjane ameanza kuweka wanaume. Waseme.

Nakuambia ukweli, nimeanza kuwazoea. Jana ulipouliza chumvi nilikujibu iko kwenye kopo la bluu. Halafu nikakaa chini.

Kiarie hajaonekana. Wanasema anakuja wiki ijayo.

Wariara


Nakuru,
14 Juni, asubuhi

Dada,

Anayekuletea barua hii ni Kimaiyo, kwa pikipiki. Mwamini. Simu yako nimeipiga haipatikani, najua hujapanda kwa Chemutai.

Kiarie yuko dukani kwangu sasa hivi. Amekuja na redio mbovu. Alipoingia nilikuwa namwambia mteja kitu, akasimama mlangoni akinisikiliza. Kisha akasema, "Thuo, jana jioni nilipita Ndabibi. Nilikusikia ukiongea jikoni kwa Mama Sue. Umerudi saa ngapi?"

Nikamwambia nimerudi alfajiri. Wachuka alikuwa amekaa nyuma yangu na mtoto. Yeye hajui chochote. Alicheka, akasema, "Huyu hajalala nje ya nyumba yetu tangu mtoto azaliwe."

Kiarie alinitazama, akatazama zile risiva kwenye rafu, akatabasamu kidogo. Halafu akatoka nje akapiga simu, akarudi akakaa. Nimeifungua redio yake yote ili nimkawize, naandika nikijifanya natafuta skrubu. Lakini ile simu ameshaipiga.

Ondoka leo. Usifunge mizigo.

Thuo


Kwa Chemutai, Ndabibi,
25 Juni 2023

Thuo, mdogo wangu,

Umeniambia kwa simu niache kuandika sasa kwa kuwa tunaongea kila siku. Lakini kuna mambo ambayo kwenye simu nakwambia nitakwambia kesho. Leo nimekaa nayaandika yote.

Kimaiyo alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Alitaka nipande pikipiki saa ileile. Nikamwambia tukipita sokoni wataniona, na nyumba ikinyamaza watajua nimetoka, watanifuata. Kwa hivyo nilifanya kila kitu kama siku zote. Nilipeleka ng'ombe kunywa maji, ila safari hii niliwapitisha nyuma mpaka kwa Chemutai. Niliwasha moto ili moshi uonekane. Jua lilipoanza kushuka nikawafungulia sauti, nikavuta mlango, tukapita katikati ya mahindi. Sikubeba hata picha ya Baba Sue. Niliogopa mkono wangu ukishika kitu kimoja utataka vingine.

Tulijificha pamoja na Chemutai kwenye mahindi yake, ng'ambo tu ya ua wangu. Walikuja watatu, bado mwanga upo. Hawakujificha. Walisimama nje ya jikoni wakasikiliza. Wewe ulikuwa unabishana juu ya gari. Mmoja wao akakujibu, akakuambia uliuze kama vyuma chakavu, na mwingine akacheka. Kisha wakafunga mlango wa mbele kwa waya, na wa nyuma pia, wakamwaga petroli.

Thuo, walifunga milango. Walijua hakuna wanaume ndani. Walichojua ni kwamba mimi nimo.

Kimaiyo alikuwa anachukua video kwa simu yake. Chemutai alinishika mdomo. Nyumba iliwaka upesi, na nyinyi mlikuwa mnaongea. Moto ulikuwa umeshika paa na bado nilisikia mtu anakohoa sebuleni. Halafu stima ikakatika, ikabaki sauti ya moto tu. Sijui kwa nini, lakini hapo ndipo nilipoanza kulia.

Asubuhi watu walijaa. Sikutoka. Kimaiyo alikuwa amekwenda Naivasha kwa polisi na ile video, na tulikubaliana nikae ndani mpaka arudi. Nilikuwa kwenye dirisha la Chemutai. Kiarie alikuja na koti jeusi, akaanza kulia kabla hajafika getini. Alilia vizuri. Aliwashika wazee mikono, akawaambia wachague watu wa kamati ya mazishi, na gharama za jeneza ni juu yake. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Maskini shemeji yangu. Kufa hivi, peke yake ndani ya nyumba."

Chemutai alikuwa amesimama karibu naye. Akamuuliza, "Nani amekwambia alikuwa peke yake?"

Kiarie akageuka kuwatazama wazee.

"Sisi tumekuwa tukisikia wanaume humo tangu mwezi uliopita," Chemutai akasema. "Soko zima limewasikia. Hapa tunatafuta maiti nne. Wewe tu ndiye unayetafuta moja."

Watu waliacha kusogea. Mzee wa kijiji, yule yule aliyeniambia ni mambo ya familia, alimwachia Kiarie mkono taratibu. Nilisahau tulivyokubaliana na Kimaiyo. Nilifungua mlango nikatoka, nikashuka na leso yangu ya jikoni. Wengine walikimbia. Wengine waliita jina la Yesu. Kiarie hakukimbia. Nilisimama mbele yake, nikamsalimia kama tunavyosalimiana kila siku. Machozi yalikuwa bado yako mashavuni, na macho nyuma yake yalikuwa makavu, yananipima.

"Mama Sue," akasema. "Basi uko hai."

Alisema polepole, kama mtu anayesoma bei ya kitu na kuona imepanda.

Kimaiyo alifika na polisi, wakamchukua hapo hapo. Kwa video walipatikana wawili wa wale watatu, na mmoja amesema ni nani aliyempigia simu. Mzee Kipruto amekuja mwenyewe kuandikisha aliyotishwa nayo. Wakili anasema hati itatoka kwa jina langu na la Sue. Sue analia kwenye simu anataka kuacha kazi arudi, nimemkataza. Watu wananijengea chumba cha mabati palepale. Umenisihi nije Nakuru nikae nanyi. Nitakuja kumbeba mtoto, kisha nitarudi.

Lakini kuna lile ambalo kwenye simu sikwambii. Kiarie ameachiwa kwa dhamana. Na yule wa tatu hajapatikana. Alikuwa amevaa kofia ya mvua, video haionyeshi uso, na wale wenzake wawili wamekataa kumtaja, wanamwogopa kuliko wanavyoogopa jela. Mimi pia uso sikuuona. Nilichosikia ni kicheko chake tu, pale ulipokuwa unabishana juu ya gari.

Kwa hivyo siku hizi naenda sokoni na nawasalimia wanaume wote. Ninasimama nao. Ninawauliza habari za nyumbani, nawaambia jambo dogo la kuchekesha. Wananiona nimekuwa mchangamfu, wanasema Mungu amenipa moyo mpya.

Nami nasikiliza.

Dada yako,
Wariara